Hedfoni ya Chiriku

Kila asubuhi, Chiriku akiwa anafunga kamba za viatu aende shule, ndipo baba yake anaporudi kazini. Hurudi hoi bin taabani, nywele zina unga, mikono inanukia mkate, macho mekundu kama ya mtu aliyelia. Baba huyu alikuwa mchomaji wa mikate kiwandani, na zamu yake ilikuwa ya usiku. Wenzake duniani wamelala, yeye yuko mbele ya tanuri, anaingiza trei na kutoa trei mpaka kunapambazuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nipishe mwanangu, nikaanguke kitandani."

Salamu zao za asubuhi ziliishia hapo. Mama naye alikuwa ameshafika mlangoni na mkoba wake, anawahi karakana ya kushona sare, ambako angeinamia cherehani hadi jioni. Ilikuwa nyumba ya watu waliochoka, kusema kweli. Wenyewe walikuwa wakitaniana kwamba hata paka wao anapiga miayo.

Chiriku si jina lake la shuleni. Alipewa na shangazi yake tangu anajifunza kusema, maana alipoanza kusema hakunyamaza tena. Sasa alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na bado hajanyamaza. Alikuwa na mdogo wake wa kiume aliyepewa jina la babu yao, kwa hiyo nyumba nzima ilimwita Babu, ingawa hata shule alikuwa hajaanza na kamasi zake alikuwa bado anafutiwa.

Mchana Chiriku akirudi shule alimchukua Babu kwa jirani, akampa chakula, akafunga mlango wa chumba cha wazazi taratibu. Sheria ya nyumba ilikuwa moja: baba akilala, kimya. Ukuta uliotenganisha chumba kile na sebule ulikuwa wa mbao nyembamba. Ukikohoa huku, kule unaambiwa pole.

Sasa, sebuleni kulikuwa na mashine ya gemu. Waliachiwa na binamu yao familia yake ilipohamia mji mwingine, kwa kuwa yeye alinunuliwa mpya. Binamu huyu ndiye aliyekuwa rafiki mkubwa wa Chiriku. Walikaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Baada ya kuhama, walikutana kwenye gemu ya mpira kupitia mtandao. Lakini Chiriku alilazimika kucheza runinga ikiwa bubu, bila kusikia wala kusema neno. Kwa mtoto anayeitwa Chiriku, hiyo ilikuwa adhabu.

Shangazi alipokuja kuwatembelea akamkuta katika hali ile, alicheka, kisha akamhurumia. Safari iliyofuata alimletea hedfoni yenye maiki, ile ya kufunika masikio yote mawili, iliyokuwa imetumika kidogo.

Jioni hiyohiyo, baba akiwa anakunywa chai kabla ya kwenda zamu, Chiriku aliketi sakafuni kuiunganisha. Alichomeka waya kwenye rimoti ya kuchezea, chini, penye tundu dogo la duara. Sauti ikatoka sikio moja tu.

"Mbovu hii!" akalalamika.

"Sukuma mpaka mwisho," baba akamwambia. "Umeichomeka nusu, unaionea."

Akasukuma, ikalia *tik*, masikio yote mawili yakapata uhai. Lakini runinga nayo iliendelea kuunguruma. Akaazima simu ya mama, akampigia binamu.

"Ingia kwenye mipangilio," binamu akamwelekeza. "Tafuta sauti. Hapo imechagua sauti zitoke kote, runingani na kwenye hedfoni. Wewe chagua zote ziende kwenye hedfoni."

Chiriku akachagua. Runinga ikanyamaza ghafla, na uwanja mzima wa mashabiki ukahamia kichwani mwake. Hata hivyo, binamu hakumsikia. Walihangaika wee, hadi Babu alipogundua swichi ndogo kwenye waya na kuibonyeza kwa ajili ya kuchezea tu. Kumbe maiki ilikuwa imefungwa.

"Nakusikia!" binamu akapiga kelele, na Chiriku akaruka kwa furaha.

Baba akasimama, akachukua jaketi lake. "Mimi naona hii ni hedfoni ya usingizi wangu," akasema akitabasamu. "Asante, mwanangu."

Chiriku alilala siku hiyo akijiona mtu wa maana sana.

Basi, ungedhani mambo yalitulia. Wapi! Tangu wiki ile baba alianza kuamka mchana akiwa amechoka kuliko alivyolala.

"Nashtuka," alimweleza mama. "Sijui nimeshtushwa na nini. Moyo unanienda mbio, nikifungua macho, kimya. Nikisinzia tena, nashtuka tena. Labda watoto wa uchochoroni."

"Chiriku, wewe unashinda hapa," mama akamgeukia. "Kuna kelele gani mchana?"

Chiriku alifikiri. Runinga ilikuwa bubu. Hilo alikuwa na hakika nalo. Babu alikuwa akichora sakafuni. Akiivua hedfoni kwenda kunywa maji, sauti aliyoisikia ilikuwa moja tu, nyundo ya Baba Pacha. Huyu alikuwa fundi seremala, banda lake ng'ambo ya njia, na aliitwa hivyo kwa sababu ya mapacha wake.

"Ni nyundo ya Baba Pacha," akajibu. "Anagonga kutwa nzima."

Hakudanganya, maana ndivyo alivyoamini. Mama alivuka njia, akamweleza fundi kwa adabu. Baba Pacha akakubali bila hata kinyongo. Tangu siku hiyo, mchana aliweka nyundo chini, akagonga vitanda vyake jioni, kwenye taa hafifu. Haikupita muda, Chiriku akamwona amefunga kidole gumba kitambaa. Alijigonga gizani.

Baba bado hakulala. Siku moja alirudi asubuhi, akakaa kwenye ngazi ya mlango bila kuingia ndani.

"Nilisinzia nimesimama," alimwambia mama kwa sauti ya chini, lakini Chiriku alisikia. "Mikate ya trei nzima imeungua, makaa matupu. Msimamizi ameniambia ikitokea tena, ananitoa. Hataki mtu anayesinzia mbele ya moto. Na mimi siwezi kumlaumu."

Mama alimvua viatu kama mtoto, akampeleka kitandani, naye akaondoka kwenda kazini amechelewa. Njiani kwenda shule Chiriku alijiuliza mengi. Baba akitolewa kazini watakula nini? Alimkasirikia Baba Pacha, kisha akakumbuka kwamba siku hizi nyundo imenyamaza. Sasa ni nani?

Mchana ule alikuwa katikati ya mechi na binamu alipokumbuka kwamba sabuni imeisha na mama angeitaka jioni. "Nisubiri kidogo," akamwambia binamu. Akaivua hedfoni, akamwonya Babu asiguse kitu, akakimbia dukani.

Aliporudi, akiwa bado mbali na nyumba, akasikia sauti kali ikipasua hewa.

"NIPE PASI! NIPE! GOLIIII! BINAMU, UNANISIKIA?"

Ilitoka dirishani kwao. Chiriku aliganda njiani na sabuni yake mkononi.

Baba Pacha, aliyekuwa ameketi mlangoni mwa banda lake bila kazi, akapiga miayo na kucheka. "Leo umemwachia Babu akushikie zamu?"

"Zamu gani?"

"Zamu ya kutangaza mpira. Kila siku nakusikia wewe. Leo nimeona sauti imebadilika."

"Mimi? Mimi nacheza kimya! Navaa hedfoni!"

"Hedfoni iko masikioni, mama," fundi akasema polepole. "Mdomo je, umeuziba na nini?"

Chiriku alihisi kama amemwagiwa ndoo ya maji baridi. "Kwa nini hukusema?"

"Nilidhani kwenu mnajua. Mtoto ni wa kwenu, nyundo ni yangu. Nikaombwa nyundo, nikaiweka chini."

Alikimbia ndani. Babu alikuwa juu ya kiti, hedfoni imemfunika uso nusu, anapiga kelele mpaka mishipa ya shingo imesimama. Chiriku akamvua.

"Nyamaza! Baba amelala!"

"Nilikuwa nanong'ona!" Babu akajitetea, macho makavu kabisa. Naye hakusema uongo. Masikio yake yalikuwa yamejaa mashabiki, sauti yake mwenyewe ilimfikia kama mnong'ono.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Baba alisimama pale ameshika ukuta, shuka begani.

"Kumbe ni wewe," alimwambia Babu. "Siku zote ni wewe?"

"Ni leo tu!" Babu akaanza kulia. "Sijawahi!"

"Babu, usinidanganye."

Chiriku alisimama na sabuni yake. Angenyamaza tu, mambo yangekwisha. Babu angekanywa, angelia kidogo, na kesho angesahau. Nani angemsadiki mtoto mdogo aliyekutwa na hedfoni kichwani? Na yeye kuanzia kesho angecheza taratibu, hakuna ambaye angejua. Akamtazama Babu anavyojifuta machozi kwa kiganja, akaona hawezi.

"Si yeye, baba. Ni mimi."

"Wewe una hedfoni."

"Ndiyo maana. Nikiivaa sijisikii. Nimekuwa napiga kelele kila siku, halafu nikamsingizia Baba Pacha. Mikate iliungua kwa sababu yangu." Hapo akashindwa, akalia kuliko Babu.

Chiriku alingoja kofi, au angalau maneno makali. Lakini baba alijishusha kwenye kiti na kuegemeza kichwa ukutani.

"Hata nguvu za kukasirika sina," akasema. "Hebu lete hicho kitu."

Akaivaa. Chiriku akafungua sauti ya mechi, baba akaanza kuongea. "MBONA NASIKIA VIZURI TU? NAONGEA KAWAIDA, SIVYO?" Alinguruma hadi paka akatoka mbio. Babu, machozi bado mashavuni, akaangua kicheko. Baba alipoivua na kuwaona wameziba masikio, naye akacheka kwa uchovu.

Chiriku alipoivaa tena, binamu, ambaye muda wote alikuwa bado mtandaoni anasikiliza, akasema kwa unyonge kwamba hata kwao alishazoea kupunguza sauti Chiriku akianza. Kisha akakumbuka kitu. Kwenye ile mipangilio ya sauti, chini zaidi, kulikuwa na sehemu ya kujisikia mwenyewe ndani ya hedfoni. Chiriku akaiwasha, akasema "Haloo," na sauti yake ikamrudia masikioni, kubwa, ya kuchosha. Aliona haya.

Jioni, kabla ya zamu, baba alimshika mkono wakavuka njia. Chiriku alimwomba Baba Pacha msamaha mbele ya mapacha wake, jambo ambalo halikuwa rahisi hata kidogo. Fundi akatazama kidole chake, akasema kitapona.

Wakirudi, baba alisimama njiani.

"Mwanangu, nia yako ilikuwa njema, na ile hedfoni uliiunganisha vizuri," akasema. "Lakini kelele uliitafuta kwa jirani, ukaiacha iliyokuwa mdomoni mwako. Kabla hujamtaja mtu, jisikilize kwanza. Na ukikuta kosa ni lako, liseme kama ulivyolisema leo, kabla mdogo wako hajalizwa nalo. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Kesho yake mchana, Chiriku alivaa hedfoni na kucheza. Kila alipotaka kupaza sauti, alijisikia mwenyewe, akaishusha. Binamu alipofunga goli, Chiriku alimpongeza kwa mnong'ono. Halafu akaivua hedfoni na kutega sikio.

Ng'ambo ya njia nyundo ilikuwa imerudi kazini, inagonga bila wasiwasi. Baba alikuwa ameizoea nyundo ile miaka yote. Nyuma ya ukuta wa mbao alikuwa amelala usingizi wa pono, na mkoromo wake ulisikika hadi sebuleni.