Neno Moja Kando ya Bwawa la Mafundi

Nina miaka thelathini na nne, mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Uvira, Kongo, mshonaji hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi. Kwa kuwa niliwahi kuishi Kawale, mtaa wa Lilongwe, Chichewa, lugha ya wenyeji, kinanitoka bila kusita. Nilijivunia sana ulimi huo... na ndio ulioniponza!

Kisima chetu kilikauka. Mafundi wakaja kutoka Lilongwe na mtambo wa kusukuma maji kwa nguvu chini ya ardhi, ili mwamba upasuke na maji yapate njia. Walileta maji kwa malori, tenki baada ya tenki, wakati sisi tunapanga foleni kwa bidoni moja, dumu moja tu la maji! Yaliyorudi juu waliyamwaga kwenye bwawa lililotandikwa nailoni. Mimi wakanichukua niwe mkalimani. Nilijiona mtu!

Siku ya tatu Mama Riziki, jirani niliyekimbia naye vita, alifika bwawani na bidoni yake. Bosi wa mafundi akaniambia nimkataze: "Madzi awa ali ndi mankhwala."

Kwa Chichewa, mankhwala ni dawa ya mgonjwa, na ni kemikali vilevile. Nami kwa haraka zangu nikasema, "Mama Riziki, hii maji iko na dawa."

Ee Mungu wangu... Kwetu maji yenye dawa si ndiyo ya kunywa, yaliyotiwa klorini?

Akacheka kwa furaha. "Njo muzuri! Batoto batakunywa nini, basi?" Bosi alikuwa ameshageuka. Je, nilijua Mama Riziki amenielewa vibaya? Nilijua, wasomaji! Lakini niliona aibu kukiri kosa mbele ya bosi. Nikajidanganya kwamba atafulia nguo.

Alikunywa yeye kwanza, kabla ya kuwapa watoto. Akatapika siku mbili, akapelekwa hospitali Lilongwe, akarudi ndani ya sanduku.

Msibani wazee wa kanisa waliniuliza kama alionywa. Nikajibu, "Nilimukataza." Basi lawama zikamwangukia marehemu, eti mkaidi. Baba Riziki akanishika mikono yote miwili: "Aksanti, mama. We ulijaribu."

Kisima sasa kinatoa maji tele. Kila nikisukuma pampu, nakisikia kicheko kile... nageuka, hakuna mtu.

Ndugu zangu mnaowatafsiria wenzenu, nawasihi! Neno likikutoka vibaya, lirekebishe papo hapo, hata ukichekwa, hata ukifukuzwa kazi.

Na wewe Baba Riziki, ukisomewa haya... sikumkataza.