Bata wa Azélie

Kila Jumamosi ya Novemba, Ovide Castille alikuwa hana habari na mtu. Alitoka na bunduki kabla ya jua kuchomoza. Alijibanza ukingoni mwa bwawa nyuma ya nyumba yake, kusini mwa Luisiana, akarudi na bata-mwitu. Mchana nyumba nzima ilinukia gumbo. Mchuzi huo ulipikwa na mkewe, Azélie, maana Ovide angeweza kuunguza hata maji.

Azélie naye alikuwa na bata wake, na hao hawakugusa sufuria. Walikuwa bata wa mitini, wale wanaotaga kwenye matundu ya miti. Azélie aliwawekea masanduku ya mbao juu ya nguzo bwawani, na ndani yake maranda safi. Kila mwaka, asubuhi moja ya masika, vifaranga walioanguliwa jana yake tu walijirusha kutoka kwenye tundu la sanduku, puu, hadi majini. Azélie aliwatazama kutoka dirishani. Yeye na Ovide hawakujaliwa watoto. Asubuhi hiyo aliisubiri mwaka mzima.

Lakini sasa masika mawili yalikuwa yamepita na masanduku yakabaki matupu.

"Nyoka wamekula mayai," Ovide alisema.

"Mayai yapi? Nimechungulia. Hakuna hata jike mmoja aliyeingia."

Azélie akavuta pazia, akaanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Ovide alimwona, na moyo ukamuuma.

Novemba ilipofika, jirani yao Noémie alipita. Noémie alifanya kazi kwenye maabara inayochunguza ndege wa porini. Alimkuta Ovide akinyonyoa bata uani.

"Mjomba, hayo mabawa unayatupa?"

"Mbwa anayala."

"Mwaka huu nipe mimi. Kwenye kila bawa andika siku uliyompiga bata."

"Utayapika?"

"Nitayauliza yametoka wapi."

Ovide akacheka. "Si uniulize mimi! Ni bata wa mitini, lakini hawa ni wa Kaskazini. Wanakimbia barafu. Mie nawapokea wageni tu."

"Kwa risasi," Azélie alidakia kutoka jikoni.

Hata hivyo, Ovide akampa Noémie mabawa msimu mzima, hadi Januari.

Septemba iliyofuata Noémie alirudi na majibu. Azélie alikuwa kwa dada yake. Noémie akaketi.

"Mjomba, maji hayana uzito mmoja kila mahali."

"Maji si maji?"

"Tofauti ni ndogo sana, mkono hauwezi kuihisi. Mawingu yakitoka huku pwani kwenda Kaskazini, yanaangusha zaidi maji mazito njiani. Kwa hiyo mvua ya huko mbali ni nyepesi kuliko yetu. Sasa, kinda anakula wadudu na mbegu za mahali anapokulia. Alama ya maji ya hapo inaingia kwenye unyoya wake unaoota."

"Halafu akiruka kwenda kwingine?"

"Unyoya ukishamaliza kuota ni kama ukucha. Haubadiliki tena mpaka udondoke. Tunakata kipande kidogo, mashine inapima ile alama."

"Inakutajia kijiji?"

"Hapana. Inatuonyesha ukanda mpana tu. Siwezi kukuapia ni bwawa lipi."

"Basi sema, mwanangu. Wa Kaskazini, sio?"

"Wale wa Januari, wengi ndiyo. Lakini wale wa Novemba, karibu wote walikuwa makinda wa mwaka ule. Na manyoya yao yaliota huku huku kwetu." Noémie akashusha sauti. "Jike wa bata hawa, akinusurika, hurudi kutaga karibu na alipozaliwa. Akipigwa kabla ya masika yake ya kwanza, nani atarudi?"

Ovide alitazama masanduku bwawani.

"Mungu wangu," alisema. "Nimempikisha Azélie wanawe."

Azélie aliporudi, Ovide alikuwa amesimama mlangoni.

"Azélie, kaa kidogo."

"Umevunja nini?"

Akamweleza yote, bila kujitetea. Azélie alisikiliza mpaka mwisho.

"Na mimi nikawatia vitunguu," alisema.

Akacheka. Kicheko kikageuka kilio, na Ovide akamshika mikono yote miwili.

"Nisamehe, mke wangu. Sikujua."

"Ulikuwa hujui. Sasa unajua. Utafanyaje?"

Novemba hiyo bwawa halikusikia mlio wa bunduki. Ovide alikwenda mbali, kwenye mashamba ya mpunga, baadaye katika msimu, wakati bata wa aina nyingine wanapoteremka kutoka Kaskazini. Bata wa mitini akipita, alimwacha apite. Pale nyumbani gumbo ilikuwa ya kuku, na hakuna aliyelalamika. Majira ya baridi yalipokuwa yakiisha, Ovide mwenyewe alipanda ngazi akabadilisha maranda. Pia alizungushia nguzo mabati laini, kama Noémie alivyomshauri, ili wanyama wanaokula mayai wasiweze kukwea.

Masika yakaja. Jike mmoja akaingia kwenye sanduku, akatoka, akaingia tena. Azélie akarudi kwenye vyombo vyake, asije akajipa moyo bure.

Kisha asubuhi moja akaita kwa sauti ya chini, "Ovide! Njoo upesi!"

Ovide alikuja mbio akiwa na povu la kunyolea kidevuni. Bata mama alikuwa majini, akiita. Kifaranga wa kwanza akaruka. Akafuata wa pili, kisha wengine kwa fujo. Wa mwisho alisimama tunduni, akatazama chini, akarudi ndani. Akachungulia tena. Mama yake alikuwa ameanza kuogelea kwenda zake.

Ovide alishika kizingiti cha dirisha kwa mikono miwili.

"Ruka, mwanangu," alisema. "Ruka tu. Baba yuko hapa."

Kifaranga akaruka. Azélie hakumwona, kwa sababu alikuwa akimtazama mumewe.