Mkate wa Bwana Makungu

Kila Jumamosi, akishafagia ua na kuteka maji ya bomba, Blandina alivuka njia kwenda kwa rafiki yake Mize kutunga asumini. Walikaa Jang'ombe, na milango yao ilitazamana. Akina Mize walikuwa Waislamu. Akina Blandina, ambao wazee wao walitoka bara, walisali kanisa la Mkunazini. Hilo halikuwazuia watoto hao kula sahani moja.

Jumamosi moja ya mwaka 1955, nyumba ya akina Mize ilijaa wanawake, kwa kuwa dada yake alikuwa anaolewa. Wasichana walikaa mkekani na sinia lao la asumini. Kando yao Bi Mashavu, shangazi wa bibi harusi, alikuwa akikanda singo bakulini: mawaridi yaliyopondwa, liwa na mafuta mazuri, ya kumsugulia bibi harusi mwili unukie.

"Blandina, na wewe tutakusinga lini?" Bi Mashavu alimtania.

"Aka, shangazi! Mimi kesho napata kipaimara, si mume!"

Wanawake wakacheka. Kipaimara kilikuwa siku yake kubwa. Mbele ya askofu angezikubali kwa kinywa chake ahadi walizomtolea wazazi wake alipobatizwa akiwa mchanga.

Alasiri kicheko kilikatika ghafla.

"Pete yangu!" Bi Mashavu alipiga ukelele. "Pete ya marehemu mama! Nani kaichukua?"

Mikeka ikakung'utwa, asumini zikamwagwa, pete haikuonekana. Ndipo akaitwa Bwana Makungu, mganga wa mtaa. Alikuja na kipande cha mkate mkavu, akakinong'onea maneno yake.

"Waliokaa karibu na Bi Mashavu ni watoto hawa wawili," alisema. "Kila mmoja atakula kidogo. Asiye na hatia atameza. Mwizi utamkwama kooni."

Akamnyooshea Blandina kwanza.

Blandina aliutazama mkate. Pete hakuichukua, basi angeumeza tu na maneno yangekwisha. Mize akamnong'oneza, "Kula, we! Mkate tu huo, utakufanya nini?"

Lakini kesho alikuwa aahidi kumtegemea Mungu peke yake na kuyaacha mambo ya uganga. Ahadi hiyo ataitamka vipi, na leo keshaivunja?

"Samahani, mzee, sili," alisema. "Dini yangu hainiruhusu kula kiapo cha mganga. Nipekueni. Niulizeni lolote, ntasema kweli. Mkate huu sili."

"Ehee! Mwizi mmemwona?" mwanamke mmoja akadakia. "Mkate unamtisha!"

"Kumbe mikono inatunga asumini, roho inatunga wizi!" akaongeza mwingine.

Machozi yalimlengalenga Blandina. Kesho angeingiaje kanisani, na mtaa mzima unamwita mwizi? Hata hivyo alitikisa kichwa. "Niiteni mnavyotaka, bibi zangu. Sili."

Mkate akapewa Mize. Kwa hofu mate yalikuwa yamemkauka, akapaliwa, akakohoa mpaka macho yakamtoka.

"Loo! Kumbe wawili!" watu wakapiga kelele.

Blandina akamkimbilia rafiki yake, akampa maji na kumpigapiga mgongo. Bi Mashavu akamkamata mkono. "Sema, pete yangu iko wapi?"

Kile kiganja kilimteleza Blandina mkononi. Kilijaa mafuta, na kilinukia mawaridi.

"Shangazi," Blandina aliuliza polepole, "ulipokanda singo, pete uliivua?"

"Niivue? Haijatoka kidoleni tangu..." Bi Mashavu akaitazama mikono yake.

Bi Mwanakheir, bibi yake Mize, alikuwa ndiyo kwanza anatoka chumbani alikokuwa akisali. "Lileteni bakuli hapa," alisema. Akatumbukiza mkono ndani ya singo, akapapasa chini, akautoa. Baina ya vidole vyake ilikuwapo pete, imevaa mawaridi pande zote.

Nyumba ikalipuka kwa vigelegele. Mize alimrukia Blandina shingoni. Bwana Makungu aliokota viatu vyake, akashika njia.

"Bwana, umesahau mkate wako!" mtu akamwambia, lakini hakugeuka.

Bi Mashavu alipiga magoti mbele ya watoto. "Nisameheni, wanangu. Nimekuvunjieni heshima mbele za watu."

"Tumekusamehe, shangazi," alijibu Blandina, na sasa machozi yalimtoka kweli.

Kesho yake Blandina alipotoka kanisani na gauni lake jeupe, aliona kundi la wanawake wenye mabuibui limesimama nje Mkunazini. Bi Mashavu ndiye aliyeanza kupiga kigelegele, na wenzake wakampokea. Bi Mwanakheir akamsogelea, akambandika kifuani kikuba cha asumini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu." Bibi akamvuta Mize naye karibu. "Nisikilizeni nyote wawili. Mkate ule ulimwita Mize mwizi, naye hana hata kosa moja. Na sisi watu wazima, tunaosali kila siku, tuliuogopa mkate kuliko Mungu. Blandina angeweza kuumeza akapumzika. Alikubali kuzomewa asivunje ahadi yake kwa Mola wake. Kushika dini wakati watu wanakusifu ni kazi rahisi. Ishikeni hata siku mtakayokuwa peke yenu, kama alivyoishika huyu. Haya, twendeni. Bibi harusi kakataa kula mpaka Blandina afike."