Jike la Ukutani

Naandika haya mchana, dirisha liko wazi na majirani wanaanua nguo huko nje, maana nikisubiri jua lizame sitayamaliza.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Tulikuwa tunamalizia nyumba ya magogo pembeni mwa msitu, mali ya mwanamke mmoja tuliyemwita Madamu, na kesho yake alikuwa analeta wageni wake wa kwanza. Mume wangu ni seremala, ila kwao wana ufundi mwingine walioachiwa na baba yao: kukausha na kujaza vichwa vya wanyama waliojifia wenyewe. Askari wa msitu wakikuta mzoga, walikuwa wanamwita yeye. Mimi nilikuwa nashona foronya na mapazia, mwanangu mgongoni, kabinti kasikojua hata kutambaa, nikichoka namlaza, akilia nambeba tena, ndiyo kazi ya mama ilivyo.

Nyumba ilipendeza, siwezi kusema uongo. Vitundikio vya makoti vilikuwa midomo ya ndege ya kuchonga. Taa ya sebuleni ilining'inia kwenye pembe za kulungu, vigoda vilikuwa visiki na magome yake, na juu ya mlango Madamu alitaka ubao mkubwa ulioandikwa HESHIMU ASILI. Mume wangu aliuchonga huku anacheka chinichini.

"Heshima gani hii, mama watoto? Ukuta mzima marehemu, halafu bango linasema heshima."

"Wewe chonga, baba. Msiba una wenyewe."

Kilichobaki ni ukuta wa juu ya mahali pa kuotea moto. Hapo Madamu alitaka nyati. Kichwa kililetwa na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, mwindaji ambaye hata mkewe alimwita Risasi. Alikileta kimekatwa tayari, ndani ya gunia, akasema mnyama alitumbukia korongoni akavunjika shingo. Kilikuwa cha jike. Na mimi akaniletea zawadi: kingozi chekundu, laini, kinateleza mkononi kama shavu la mtoto.

"Ndama wa ng'ombe huyo, shemeji, nimekinunua sokoni. Mlaze binti yangu, asilalie mbao kama mfungwa."

Nikamshukuru. Nani angekataa?

Ufundi wao una miiko, na mume wangu aliishika kuliko alivyoshika patasi. Mzazi mwenye maziwa hajazwi. Akikutwa amekufa, anazikwa mzima mzima. Na macho ya kioo yanawekwa mwisho kabisa, kichwa kikiwa ukutani, fundi kasimama ubavuni, pasiwe na mtu mbele, mpaka mnyama azoee chumba. Nilikuwa nawatania kwamba wanaogopa kukonyezwa na wafu.

Basi mchana ule mume wangu alipanda ngazi, akaweka jicho la kwanza, akaweka la pili. Shemeji, kwa ubishi wake, akaenda kusimama mbele kabisa, mikono kiunoni.

"Mtazame anavyonikodolea! Unanikumbuka, mama? Si tulionana?"

Mume wangu alikuwa bado juu ya ngazi. Akamtazama mdogo wake, kisha akashuka.

Mvua ikaanza. Mwanangu akaamka akalia njaa, nikaenda naye chumbani nimnyonyeshe. Asubuhi matiti yalikuwa yamejaa mpaka yananiuma, gauni limelowa. Sasa hakukuwa na kitu. Nilikamua, nikakamua, hata tone. Yalikuwa mepesi na baridi, kama si yangu. Mtoto alivuta, akaachia, akanitazama kwa mshangao, akalia hadi akachoka. Nikamlaza juu ya kile kingozi, nikatoka kutafuta maji ya moto nijikande.

Sebuleni wanaume wote wawili walikuwa wameinama. Sakafuni, chini ya kichwa, kulikuwa na kidimbwi cheupe. Kilikuwa kinatoa mvuke.

"Paa linavuja," shemeji alisema.

Mume wangu alichovya kidole. Akanusa. Uso wake ukabadilika nikaona kabisa unavyobadilika.

"Maziwa haya." Alinong'ona. "Ulimtoa wapi yule mnyama?"

"Si nilikwambia? Korongoni."

"Nakuuliza kwa mara ya mwisho. Mama yetu akiwa kaburini anasikia. Ulimtoa wapi?"

Shemeji akacheka, lakini kicheko kilimkauka katikati. "Alikuwa na ndama, kaka. Mama mwenye ndama hakimbii, ndiyo siri yake. Unampiga ndama mguuni, analia, mama anarudi mwenyewe mpaka miguuni pako. Nilikuletea kichwa tu ili usione kiwele. Kwani kuna ubaya gani? Si nyama tu?"

"Na ndama?"

Alitazama mlango wa chumbani.

Ndipo nikatambua kwamba mwanangu ameacha kulia.

Nilikimbia. Alikuwa amelala chali juu ya kile kingozi, macho wazi, anatabasamu. Tumbo lilikuwa limejaa, gumu kama ngoma. Kidevuni kulikuwa na maziwa mazito yanayotiririka mpaka shingoni. Nikamkumbatia. Alinuka majani na matope.

Nikageuka na mtoto mikononi. Kutoka mlangoni niliona sebule yote. Ngazi ilikuwepo. Misumari ilikuwepo ukutani.

Kichwa hakikuwepo.

Shemeji alikuwa bado anajitetea. "Mnyama ni mnyama tu, kaka, usini..." Hakumaliza. Kitu nisichokiona kilimpiga tumboni kikamnyanyua. Miguu yake iliacha sakafu. Niliona shati likitoboka huku na huku, matundu mawili yaliyoachana, na damu ikatoka kwanza kidogo, kisha nyingi. Kilimtikisa. Kikamrusha juu akagonga boriti, mgongo ukalia. Akaanguka juu ya visiki. Kikamwokota tena.

Damu ilirukia mapazia yangu. Ilirukia taa ya pembe. Alipokuwa chini alijaribu kutambaa, na kitu kikamkanyaga. Kifua kilibonyea, kikainuka, kikabonyea. Alimwita mama yao. Alimwita kama mtoto mdogo. Kikaendelea mpaka sauti ikawa ni ya maji tu, na hata baada ya hapo kiliendelea.

Mume wangu alichukua nyundo. Nyundo, jamani! Akaja akasimama mlangoni pa chumba, mgongo kwangu.

"Toka dirishani," alinong'ona.

"Halipitishi, ni dogo!"

"Basi usimwachie."

Niliona alama zikija juu ya mbao. Mbichi, pana, zimepasuka katikati. Kwato. Zilikuja polepole, hazikuwa na haraka, na kila moja ilikuwa imechorwa kwa damu ya shemeji. Mume wangu alirusha nyundo. Ilisimama hewani, ikaanguka. Kisha yeye akabanwa kwenye fremu ya mlango, na nikasikia mbavu zake zikivunjika moja baada ya nyingine kama kuni kavu. Hakupiga kelele. Pumzi ilimwisha. Aliteleza chini, damu puani, akiwa bado ameziba njia kwa mguu wake mmoja. Kitu kikaruka mguu ule.

Tukabaki watatu chumbani. Mimi, mwanangu, na pumzi.

Ilikuwa ya moto. Ilinipuliza uso, ikarudisha nyuma kilemba changu. Na mwanangu, wallahi, mwanangu alinyoosha mikono yake miwili kuelekea kwenye ile hewa tupu, akacheka.

Nikamkaza. Hapo nikapigwa. Sikupigwa kwa ncha ya pembe, nadhani ulikuwa ubapa wake, maana ningekuwa maiti. Nilirushwa ukutani, mkono ukavunjika juu ya kiwiko, mfupa ukatokeza. Mtoto aliniponyoka. Hakuanguka. Niliona kwa macho yangu: alishushwa taratibu mpaka juu ya kile kingozi, kama vile kalazwa na mtu mwenye adabu.

"Mrudishie wake," mume wangu alikoroma kutoka chini. "Ngozi. Mrudishie."

Nilijivuta kwa mkono mmoja. Nikamsukuma mwanangu pembeni, nikaivuta ngozi, nikaitupa dirishani, mvuani.

"Chukua! Ndama wako huyo! Nenda!"

Hakusogea. Alama za kwato zilibaki palepale, kando ya mtoto wangu. Na mimi nikaelewa, na kuelewa kule kuliniumiza kuliko mfupa. Mama gani asiyejua mwanawe amekufa? Ngozi ilikuwa ngozi. Alichokuwa nacho ni maziwa, na hapa palikuwa na mtoto mwenye njaa.

Mbao zilianza kulia upande wa mtoto. Anainama. Anataka kumchukua.

Sikuwa na silaha, sikuwa na dua, sikuwa na hata tone la maziwa la kumwonyesha kwamba ni wangu. Nilichofanya nilikifanya bila kufikiri. Nilipiga magoti katika damu, nikaweka paji la uso sakafuni.

"Mama mwenzangu," nilisema. "Nimekuona. Umemlisha. Mimi nimekauka, siwezi kumlisha, na wewe huwezi kumbeba. Usimpeleke msituni, atakufa kwa baridi. Mwache kwangu. Nitamwogesha, nitamvisha, nitamfundisha kusema. Wa kwako na wa kwangu. Nakuomba, dada yangu. Wetu."

Mvua tu.

Kisha kitu kizito, chenye unyevu, kiligusa kisogo changu. Kikabaki hapo. Kingeweza kunikandamiza nikapasuka kama yai. Nilihesabu mapigo ya moyo wangu nikasahau nilipofika.

Kikaondoka. Ukuta wa nje, magogo manene kuliko mapaja yangu, ukapasuka kuelekea nje.

Waliokuja kutuokoa walisema nyati mwitu aliingia ndani. Hakuna aliyeuliza kwa nini magogo yalivunjika kutoka ndani kwenda nje. Shemeji alizikwa ndani ya jeneza lililopigwa misumari kabla mkewe hajamwona. Madamu aliujenga ukuta upya, akapokea wageni wake mwezi uliofuata. Mume wangu alipona, ingawa akicheka anashika ubavu. Siku hizi anatengeneza viti na meza tu, tena hata kiti hakichongi mguu wa mnyama.

Tukahamia mjini, ghorofani, vyumba vya saruji, mlango wa chuma. Nilidhani ngazi zile zote zingemshinda yule mama.

Maziwa yangu hayajarudi. Ya kopo mtoto anayatema, uji anageuza uso. Kliniki wanamweka kwenye mzani, muuguzi anamfinya mapaja kwa furaha.

"Mama, huyu unampa nini? Nifundishe na mimi!"

"Maziwa tu, dada."

"Ya kwako?"

Nacheka, nachukua mtoto wangu, naondoka.

Kila asubuhi namkuta ameshiba. Nywele zake zote zimelala upande mmoja, kutoka kwenye shingo kwenda utosini, zimelowa, zimenata, kama zimepitiwa na ulimi mpana wenye mikwaruzo. Zamani nilikuwa nazifuta haraka kabla baba yake hajaona. Siku moja aliona. Akageuka akaenda kazini bila kunywa chai.

Leo asubuhi nilisikia mwanangu akisema neno lake la kwanza. Nilikuwa jikoni, nikaacha sufuria, nikakimbia hadi mlangoni pake. Alikuwa anasema "mama". Anasema, ananyamaza, kama anayesikiliza, halafu anacheka na kusema tena. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kitasa.

Nikauondoa. Nikabisha hodi, nikasimama kusubiri, mpaka sakafu ya saruji ilipoacha kutetemeka.