Kufuli ya Injinia Musembi

Saa nne asubuhi, Injinia Musembi alipatikana amekufa chini ya ngazi yake, kati ya zahanati ya Kanyangi na nyumba yake mpya. Mtu aliyesimamia umeme wa nchi nzima, kisha akawa katibu wizarani, kuuawa na waya wa kijijini kwao! Inauma.

Swichi ya laini hiyo ilikuwa kwenye ukuta wa posho mill, kinu cha kusagia unga. Ilikuwa imewashwa, na kufuli imefungwa juu yake. Fundi Mugo, msaidizi wake, alikuwa tayari ametiwa pingu.

"Mzee alisahau kuzima?" Inspekta Kavata alimuuliza.

"Hawezi, afande. Alizima, akafunga na kufuli yake, ufunguo akaweka mfukoni. Alitufundisha hivyo: anayepanda ndiye anakaa na ufunguo. Mimi nilikuwa nimeenda kuleta waya. Sijaua mtu!"

Kavata alitoa ufunguo mfukoni mwa marehemu, akaujaribu. Haukufungua. Basi kufuli ya mzee ilikuwa imekatwa, na mtu ametia nyingine swichi ikiwa imewashwa, ili ionekane marehemu alikosea mwenyewe.

Jirani wa posho mill alikuwa Mulei, mdogo wake marehemu. Walimkuta ameketi nje ya stoo yake ya ndengu. Stoo ilikuwa imejaa, lakini mlango umefungwa kwa kamba.

"Pole sana, mzee. Kufuli ya stoo iko wapi?"

"Ilipotea."

"Na ufunguo wake?"

Mulei aliutoa mfukoni. Kavata alirudi nao kwenye swichi, Mulei na Mugo wakimfuata. Kufuli ilifunguka mara moja.

"Bibi yangu Kathini alijifungua hapo zahanati kwa mwanga wa tochi ya simu," Mulei alisema. "Akavuja damu mpaka akaisha. Nilikuwa nimemwomba ndugu yangu alete stima, akiwa katibu. Akaniambia akianza na kwao watasema anapendelea. Sasa amestaafu, anajivutia yake nyumbani!"

"Si yake, mzee," Mugo alisema taratibu. "Hiyo waya ni ya wadi ya akina mama. Alisema tuanze na hapo, juu ya Kathini."

"Alimtaja kwa jina?"

"Kila siku, mzee."

Mulei aliketi chini vumbini, akamlilia kaka yake. Kavata alimfungua Mugo pingu, akazishika mkononi, akangoja.