Wiki ya Likizo ya Ignasi

—Beno, mwenzio yuko hapo?

—Nani, Ignasi? Shemeji, sijamtia machoni tangu mwezi uliopita.

Benedikta akakata simu. Asubuhi ile mumewe alimuaga kwamba anavuka kwa kivuko cha Magogoni kumsalimia Beno, rafiki yake wa Kigamboni. Ilikuwa siku ya tatu ya likizo. Ignasi alikuwa anaendesha mashine ya kubebea makontena kwenye yadi moja, na mwaka mzima mkewe aliisubiri wiki hiyo. Badala ya kutulia nyumbani, mwanaume kila siku anaoga saa mbili, anapiga pasi shati, anatoka.

Tangu Pasaka alikuwa amebadilika. Simu hapokei, anajibu kwa meseji. Kitandani akisemeshwa, kimya. Na jana jioni, akiwa bafuni, simu yake iliwaka:

"Kesho saa nne. Usiogope. Mkeo utamwambia ukiwa tayari. Rawan."

Benedikta akamwandikia: "Uko wapi?"

"Kwa Beno. Tunakula samaki."

—Mwongo! alifoka, katikati ya vitenge vyake, hapo Mtaa wa Kongo.

Sitara, jirani yake wa biashara, akamsogelea.

—Ni shemeji? Mimi jana nilimwona anapanda ngazi za lile jengo la bluu, Mnazi Mmoja. Nilidhani unajua.

—Niangalizie duka.

—Usiende na hasira, shoga yangu.

Benedikta alishafika barabarani.

Ghorofa ya pili ya lile jengo, mlango mmoja ulikuwa wazi. Ignasi alikaa kwenye kiti, ameupa mlango mgongo. Binti mmoja mwenye hijabu alikuwa amemwinamia, mkono uko shavuni kwake.

—Ignasi!

Hakugeuka.

—Baba Victoria! Nakuita wewe!

Watu wa chumba cha pili walitoa vichwa. Ignasi hakutikisika. Ni binti aliyeshtuka, na Ignasi alipoona uso wa binti umebadilika ndipo akageuka.

—Mama Victoria? Umefika saa ngapi?

Benedikta akaingia, akawatazama mmoja mmoja.

—Dada, mimi ndiye Rawan, binti akasema taratibu. Kazi yangu ni kupima masikio. Ukiongea naye, mtazame usoni. Anasoma midomo.

Benedikta akasogea mbele ya mumewe.

—Tangu lini?

—Lilianza la kushoto, wakati wa Pasaka, Ignasi akajibu. Sasa yote mawili.

—Miezi minne nalia, nadhani umenichoka! Nawaza una mwanamke!

—Niliogopa. Nikasema nitumie likizo kutibiwa, nikirudi kazini mtu asijue.

—Na mimi ni mtu?

Ignasi akainamisha kichwa. Benedikta akamshika kidevu, akamwinua uso ili amwone.

—Na hiyo mashine, ulikuwa unaiendeshaje?

—Wiki iliyopita nusura nimkanyage Rogath, mwenzangu wa kazini. Alinipigia kelele, sikusikia. Tangu siku hiyo silali.

Rawan akachukua kifaa kidogo cha kusaidia kusikia, akakipachika kwenye sikio la Ignasi, akakiwasha.

—Dada, simama nyuma yake useme chochote. Usipaze sauti.

Benedikta akazunguka.

—Wewe mwongo, akasema.

Mabega ya Ignasi yakatetemeka.

—Rudia.

—Mwongo mkubwa.

—Rudia tena, mke wangu.

Hakurudia. Alikuwa analia. Alipojifuta, akampa mumewe simu.

—Mpigie bosi wako sasa hivi. Mwambie yote.

—Akinifukuza je?

—Rogath naye ana mke. Piga.

Akapiga. Aliongea dakika tatu, jasho linamtoka. Upande wa pili bosi akajibu:

—Hiyo mashine hutaigusa tena, Ignasi. Njoo Jumatatu tuone kama kuna kazi nyingine.

Ignasi akaishusha simu pole pole. Akamtazama mkewe, macho yamejaa.

—Nimesikia kila neno, akasema.

Benedikta akamkumbatia hapo hapo kwenye kiti.