Ukuta Usiokauka

Siku ya tatu tangu upakwe rangi, ukuta ulikuwa bado mbichi. Mbunifu wa rangi aliubonyeza, kidole kikazama, na kilipotoka kilifuatwa na utando mrefu wa kijani, mzito kama makamasi. Alijifuta kwenye aproni, akanusa. Akageuza uso haraka.

Na jinsi alivyouringia! Kilikuwa chumba cha mwana wa mdogo wake, mtoto wa miezi minane, anayetambaa huku na huko. Kuta tatu rangi ya maziwa, pazia la kahawia, na ukuta mmoja wa kijani kilichokolea, wa kuzitia uzito rangi nyingine. Kijani hicho alikisaka wiki nzima, akachanganya makopo hadi macho yakamwuma, ndipo akakiona ndani ya tangi kuukuu la maji nyuma ya karakana yake: koga, ule utelezi wa kijani unaoota majini. Mbunifu mwenye akili timamu angeitazama tu, akaiga. Yeye aliikwangua, akaikorogea koponi.

"Dada, hii rangi inanuka," mdogo wake alinong'ona mlangoni, kitambaa puani.

"Harufu ya kopo tu hiyo. Fungua madirisha."

"Yako wazi tangu juzi. Halafu inapumua, dada. Jana mchana nilimlaza mtoto hapa, nikaisikia."

Mbunifu alitaka kumcheka, lakini naye akasikia: kitu kilivuta pumzi humo ukutani, polepole, kwa makohozi, na kila kilipovuta rangi ilituna ikanywea, ikatuna ikanywea, na harufu ya maji yaliyooza na matapishi yaliyolala ikamjaa mdomoni mpaka akatapika palepale juu ya zulia, na alichotapika kilikuwa kijani.

Mganga, mama mtu mzima asiye na subira, alifika adhuhuri na begi lake. Alisikiliza habari ya tangi akiwa mlangoni; chumbani hakutia hata mguu.

"Umebomoa nyumba ya jini ukampambia mtoto chumba," alisema. "Haya, kila kilichoshika rangi hiyo kirudi tangini. Kikibaki hata chembe, naye yumo."

Wakakwangua mpaka matofali. Brashi, aproni, zulia, hata kucha za mbunifu, zilizokatwa hadi zikatoa damu, vyote vikatumbukizwa. Tangi likameza, likacheua. Waliporudi, nyumba ilinuka vumbi tu, na mbunifu alishukuru kwa sauti.

Mdogo wake alilia kwa furaha, akamnyanyua mwanawe juu. Mtoto akacheka. Fizi zake zote zilikuwa za kijani, na utando ukaning'inia kutoka ulimini hadi kidevuni.

"Alikuwa analamba ukuta," mama yake alisema, akimbana kifuani. "Nilidhani ni meno yanaota."

Mganga hakumtazama mama wa mtoto usoni. Alinyoosha mikono yote miwili.

"Nipe," alisema.